Kabla hujailaumu dripu, pima kimo cha ndoo yako

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji nimjibu msomaji mwenzangu wa hapa Mwanza, yule aliyeandika kwamba umwagiliaji wa matone, yaani dripu, kwenye bustani za ndoo na viroba ni utapeli. Anasema alinunua mipira yote dukani, akaifunga kwenye ndoo barazani kwake kama alivyoelekezwa, maji yakatoka kwa kujivuta kwenye vyombo vya mwanzo, na huko mwisho hayakufika kabisa mpaka nyanya zikanyauka. Simbishii aliyoyaona. Mimi ni fundi bomba, makazi yangu Mabatini, na kesi kama yake nimeitiwa mara nyingi. Ninachombishia ni hukumu. Dripu ya ndoo inafanya kazi, na kwa nyumba zetu za milimani sijaona njia nyingine ya kumwagilia inayoifikia. Kisichofanya kazi ni kumuuzia mtu wa ndoo vifaa vya mtu wa pampu.

Wasomaji wa mikoa mingine huenda wasielewe kwa nini tunahangaika na vyombo wakati tuna ziwa mlangoni. Wageni huja wakapiga picha Jiwe la Bismarck wakaondoka. Sisi tunalala juu ya mawe ya aina hiyo: Mabatini, Igogo, Isamilo, Kitangiri. Nyumba imebanwa kati ya jabali na jabali, ua ni mwamba mtupu, na udongo unapandishwa kichwani kwa kiroba. Ukitaka mchicha wako, chainizi au nyanya chungu, unapanda kwenye dumu lililokatwa, kwenye ndoo ya rangi, kwenye mfuko wa salfeti au kwenye tairi. Mboga zinakubali vizuri tu. Udongo uchanganywe na samadi iliyooza sawasawa na mchanga kidogo, juu utandaze pumba za mpunga au nyasi kavu, basi. Hayo wakulima wanayajua kuliko mimi, sitayaongezea.

Kazi iko kwenye maji. Chombo cha lita 20 kilichokaa juu ya jabali kinapigwa na jua kwa juu na kuchomwa na jiwe kwa chini. Mnyanya uliokwisha kubeba matunda humo ndani unataka lita moja mpaka mbili kwa siku za jua kali, na kuanzia Juni mpaka Septemba hapa kwetu usitegemee mvua. Ukimwaga maji kwa kopo mara moja asubuhi, udongo uliokauka hauyapokei; yanapita pembeni kati ya udongo na ukuta wa chombo, yanatokea kwenye matundu ya chini, yanateremka na jiwe mpaka uani kwa jirani. Unabaki unaona mahali palipolowa na mmea bado una kiu. Maji ya tone kwa tone yanazama taratibu, yanakaa kwenye mizizi.

Na maji hayo yamepanda mlima kwa gharama. Ziwa liko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko juu ya ziwa. Kila mita 10 za kupanda zinakula baa moja ya presha (baa ni kipimo cha msukumo wa maji). Nyumba iliyo mita 60 juu ya ziwa imekwisha kula baa sita kabla mtu hajagusa koki, yawe maji yametoka kwenye chanzo cha Capri Point au kile kipya cha Butimba. Hiyo ni hesabu ya dunia, haina mwenyewe wa kulaumiwa. Ndiyo maana kila nyumba ya mlimani ina mapipa na ndoo, na ndiyo maana kina mama wa huku hawapendi kuona kopo la maji linapotelea kwenye mawe.

Sasa hesabu hiyo igeuze, utaielewa dripu. Maji yakishuka mita 10 yanakupa baa moja. Yakishuka mita moja yanakupa sehemu ya kumi ya baa. Ndoo uliyoiweka juu ya stuli au kwenye rafu ya kifuani iko hapo, kwenye sehemu ya kumi ya baa, na hakuna maneno ya muuzaji yatakayoiongeza.

Mama mmoja wa Isamilo, mwalimu mstaafu, alinipigia simu mwaka jana kiangazi. Nilipofika nikamkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya vyombo vyake, amepanga vizuri kwenye ngazi za jiwe, pilipili hoho juu, nyanya katikati, mchicha na mnafu chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niangalizie, haya maji yanaogopa nini?"

Nikaangalia. Bomba jeusi la milimita 16, zuri, jipya. Emita, yaani vile vifaa vya kudondoshea maji, zimechomekwa moja moja kwa kila chombo, ndogo, zimeandikwa lita nne kwa saa. Ndoo iko juu ya ukuta mfupi, kama mita moja hivi. Nikachomoa emita moja, nikaipasua kwa kisu. Ndani yake kuna njia nyembamba iliyopindapinda, na juu ya njia hiyo kumelala kiduara cha mpira, laini, kidogo kuliko kifungo cha shati. Mwalimu akavaa miwani, akakiweka kiduara kwenye kiganja akakigeuzageuza.

Nikamweleza: hiki ndicho kinachofanya emita hii iwe ghali. Presha ikiwa kubwa, mpira unajibana na kupunguza maji. Presha ikishuka, unajiachia. Kwa hiyo shambani mche wa mwanzo wa mstari na wa mwisho inapata maji sawasawa, hata kama mstari una mita mia. Kifaa kizuri sana. Ila kinaanza kufanya kazi yake presha ikiwa imefika kiwango fulani, na nyingi za aina hii zinataka kuanzia nusu baa. Nusu baa ni mita tano. Nyingine zimewekewa kizuizi kinachofunga kabisa presha ikiwa ndogo, ili bomba lisitoe maji pampu inapozimwa. Ukizifunga hizo kwenye ndoo ya mita moja, hazifunguki, au zinavuja ovyo, hii inatoa, ile haitoi.

Mwalimu akacheka, akasema, "Kumbe nimenunua mlango wa benki nikaufunga kwenye banda la kuku."

Hapo ndipo msomaji mwenzangu aliponaswa, naamini. Muuzaji hakumdanganya kwamba ile ni dripu. Ni dripu kweli. Lakini dripu za kisasa zilizaliwa mashambani. Simcha Blass, mhandisi wa maji wa Israeli, ndiye aliyezifikisha kwenye hatua ya kuuzika, na mwaka 1965 watu wa kibutsi (kijiji cha ujamaa) cha Hatzerim wakaanzisha kampuni ya Netafim kwa ajili ya kuzitengeneza. Ni kilimo cha sehemu kame, cha pampu na mabomba yenye presha. Dripu ya ndoo ilikuja kwa njia nyingine: Mmarekani Richard Chapin aliieneza kwa wakulima wadogo wa Afrika, ikafika kwa majirani zetu wa Kenya miaka ya 1990. Ndoo ya lita 20 inakaa kimo cha mita moja, chini yake mipira miwili ya mita 15. Ile mipira ilichaguliwa kwa presha ndogo tangu mwanzo. Ukichukua ndoo ya Chapin ukaifunga emita za shamba la jangwani, umeoanisha wasiopendana.

Basi kwa ndoo unafunga nini? Ninazo njia tatu ninazozitumia, na sizipendi sawasawa.

Ya kwanza ni emita zile za kofia ya kuzungusha, kofia yenyewe mara nyingi nyekundu. Hazina mpira ndani. Unazungusha unaongeza, unazungusha unapunguza. Maji ya ndoo yanapita humo bila matatizo. Hizo ndizo nilizomfungia Mwalimu. Ubaya wake ni kwamba zinachezewa: mtoto akipita anazungusha, kuku akipita anagonga. Baada ya wiki unakuta chombo kimoja kinaelea na kingine ni jangwa.

Ya pili ndiyo ninayoipenda. Ni mpira mwembamba sana, tundu lake la ndani kama milimita 1.2 hivi, usio na emita yoyote mwishoni. Unaotoa kidogo ni wembamba wake wenyewe. Na una sifa moja ambayo sisi wa kwenye miteremko tungeilipia hata kama ingekuwa ghali: urefu ukiongezeka mara mbili, maji yanapungua kwa nusu. Kipande cha mita moja kikishuka mita moja kutoka kwenye ndoo kinatoa kadiri ya lita moja na nusu mpaka mbili kwa saa. Chombo kilicho mita mbili chini ya ndoo kipe kipande cha mita mbili, ukizungushe kwenye shingo ya ndoo yako ya rangi kisikuzuie njia, nacho kitatoa kiasi kile kile. Hakuna cha kuzungusha, hakuna cha kuchezea. Mkasi tu na futi.

Ya tatu ni mipira ya dripu ya hospitali. Jirani yangu muuguzi ndiye aliyenionyesha hesabu yake. Ile ya kawaida ya watu wazima imetengenezwa hivi: matone 20 ni mililita moja. Ukiiachia tone moja kwa sekunde unapata mililita tatu kwa dakika, mililita 180 kwa saa, na kwa usiku na mchana lita nne na ushee. Kile kigurudumu cha kubania kinakusaidia kupunguza. Kwa mche mmoja wa papai kwenye pipa, au kwa mtu mwenye vyombo vichache anayesafiri kwenda Ukerewe kuzika, inafaa mno. Lakini inunuliwe mpya duka la dawa. Nimeona watu wanaokota zilizotumika. Ile ni taka yenye damu ya watu, wakati mwingine na sindano yake, na haiendi kwenye mchicha wa mtu yeyote.

Nirudi kwenye mteremko, maana hapo ndipo hata mafundi wenzangu wanapoharibu. Kwa Mwalimu, ngazi ya juu ya vyombo ilikuwa nusu mita chini ya ndoo, na ngazi ya mwisho mita mbili na nusu. Angalia tofauti: presha ya chini ni mara tano ya ya juu. Ukipeleka bomba moja moja kwa moja kutoka juu mpaka chini, mchicha utazama na hoho zitakauka, na utaambiwa umeweka emita mbovu. Bomba la mlimani lisishuke na mlima, likate mlima. Kila ngazi iwe na bomba lake linalolala usawa mmoja, na koki yake. Tukafanya hivyo pale Isamilo. Bomba la kuteremshia ni moja, kwenye kila ngazi kuna tii (kiungo cha njia tatu) na koki ndogo, halafu tawi linakwenda kulia na kushoto likiwa limelala. Koki ya chini imefunguliwa kidogo sana, ya juu imefunguliwa yote. Kama una uwezo wa ndoo mbili au tatu, ni bora zaidi kila ngazi iwe na ndoo yake kwa kimo kile kile. Hapo hutahitaji kubahatisha koki.

Lingine la mawe yetu ni hewa. Bomba likipanda juu ya nundu ya jiwe halafu likashuka, hewa inakusanyika pale kwenye nundu. Kwenye bomba la presha kubwa inasukumwa, huioni. Kwenye sehemu ya kumi ya baa inakaa hapo hapo, na maji yanasimama nyuma yake. Unafungua ndoo, bomba limejaa, mwisho hakuna kitu. Nimeona mtu ananunua bomba jipya kwa sababu ya kiputo cha hewa. Pitisha bomba ubavuni mwa jiwe, liwe linashuka au limelala muda wote. Ikibidi lipande, toboa tundu la sindano pale juu kabisa kwenye nundu, litapumua. Litatoa kijimachozi kidogo, utaweka hapo kopo la vitunguu majani.

Maji yetu nayo yana tabia yake. Ukisoma maelekezo ya watu wa nchi zenye maji ya visima, utaona wanapigana na magadi na chokaa inayoganda kwenye matundu, wanaosha emita kwa siki. Maji ya Ziwa Viktoria ni laini, hayana chokaa ya kukuhangaisha hivyo. Adui yetu ni mwani na tope. Ndoo nyeupe isiyo na mfuniko, imekaa juani, ndani ya muda mfupi kuta zake zinateleza ukijani, na ule ukijani ukishuka unaziba tundu la milimita moja bila kuomba ruhusa. Kwa hiyo ndoo iwe nyeusi au ifunikwe, bomba liwe jeusi, na mfuniko uwepo. Tundu la kutolea maji lisiwe kwenye kitako cha ndoo. Liwe juu ya kitako vidole vitatu, ili tope litulie chini yake. Ndani ya ndoo, mdomo wa konekta, kile kiungo cha bomba na ndoo, ufungiwe kitambaa, kipande cha kanga iliyochakaa kinatosha, na kifuliwe kila unapoona maji yanapungua. Wauzaji wana vichujio vya plastiki vya kuweka kwenye bomba, ni vizuri, lakini kwa ndoo ya mita moja kichujio kikichafuka kinakula presha yote uliyonayo. Kanga inaonekana na inafulika.

Samadi iliyolowekwa usiipitishe kwenye dripu hata kama umeichuja mara ngapi. Imwage kwa mkono kwenye chombo. Mbolea ya kuyeyuka kama urea inapita, kidogo kidogo, kisha maji matupu yafuate kuosha njia.

Kwa wanaochota ziwani wenyewe, huko Igombe, Luchelele na visiwani, kuna neno la kichocho. Vijidudu vyake vinatoka kwenye konokono wa majini na vinaingia kwa kupenya ngozi. Vikikosa mtu, haviishi zaidi ya siku mbili, kwa hiyo maji yaliyokaa kwenye pipa lisilo na konokono kwa saa 48 hayana hatari hiyo kwa mikono ya mtu wa bustani. Miguu ya aliyeingia ziwani kuchota ni habari nyingine, pipa haliisaidii. Na vile visahani mnavyoweka chini ya vyombo ili sakafu isilowe, vimwageni. Mbu hataki zaidi ya kisahani na wiki moja na kitu ili azaliane.

Kuna pimbi pia. Wao wanakula majani wakishuka kwenye mawe jioni. Sina kifaa cha bomba kinachomtibu pimbi, tafuteni wavu.

Sasa namna ya kujua kama dripu yako ni nzima. Usiangalie udongo, udongo unadanganya. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, iweke chini ya tundu la kwanza, nyingine chini ya tundu la mwisho, fungua ndoo ikiwa imejaa. Chupa ikijaa kwa robo saa, tundu hilo linatoa lita mbili kwa saa. Kama ya kwanza imejaa na ya mwisho imefika katikati, bado una kazi: punguza koki, refusha mpira, tafuta hewa. Zikipishana kwa vidole viwili achana nazo, mboga hazina mahakama. Kwa kasi hiyo, ndoo moja ya lita 20 inahudumia vyombo 10 kwa saa moja, kila kimoja lita mbili. Mimi ningeigawa, nusu ndoo asubuhi na nusu jioni, kwa kuwa chombo kina matundu na hakiwezi kushika yote kwa mkupuo. Ncha ya mpira isizamishwe udongoni. Ukifunga koki maji yanarudi nyuma kidogo na kuvuta uchafu. Ilaze juu ya kijiwe.

Baada ya kusema yote hayo kuhusu emita za presha, niwatetee kidogo wauzaji wake. Kuna nyumba huku kwetu zina jabali nyuma ya jiko linalozidi paa. Jabali hilo ni mnara wa maji ambao hujaulipia nondo wala saruji. Ukiweza kuweka tangi huko juu, mita sita au saba juu ya bustani, umepata zaidi ya nusu baa, na zile emita za mpira ndani zitafanya kazi kama zilivyokusudiwa, hata kwenye mteremko, bila hesabu ya urefu wala koki za kila ngazi. Kwa hiyo msomaji mwenzangu, kama nyumba yako iko hivyo, usizitupe. Angalizo moja: pipa la lita 200 ni kilo 200 za maji matupu. Likae kwenye jiwe bapa, na lifungwe. Usiliweke kwenye kichanja cha mbao juu ya watoto. Na kama huna jabali, zile emita zirudishe dukani au muuzie mwenye pampu, ununue za kofia au mpira mwembamba. Bomba lako la milimita 16, koki na konekta vyote vinabaki; huanzi upya. Gharama ya kubadilisha kwa vyombo kumi haizidi bei ya sato wawili wa pale soko la samaki la Mwaloni.

Wenye maduka nina ombi kwenu, na ni dogo. Mteja akisema anataka dripu, kabla hamjafungua kabati, muulizeni: ndoo au tangi lako litakaa juu kiasi gani? Akijibu mita moja, msimpe emita za nusu baa hata kama ndizo zilizojaa stoo. Kwenye mabunda mengi ya kiwandani kiwango cha chini cha presha kimeandikwa, ila kwa herufi ndogo na kwa lugha ambayo mama wa Igogo haisomi. Kiandikeni kwa kalamu ya wino mzito, kwa mita: "Ndoo isipungue mita tano." Mafundi wenzangu nao tuache kumwambia mteja "itakubali tu, mama". Tunapanda na futi mfukoni, tuitoe.

Na wewe mnunuzi, ukiingia dukani omba ndoo yao na maji yao. Waiweke juu ya kaunta, wewe ushike emita usawa wa sakafu. Kaunta na sakafu vinapishana kama mita moja, ambayo ndiyo presha utakayokuwa nayo nyumbani. Isipotoa hapo, usilipe.

Wako,
Fundi bomba,
Mabatini, Mwanza